Ukoka wetu, maji ya Murang'a na mafuriko ya Mathare

Si ajabu katika jiji la Nairobi kusikia malalamiko mawili yanayopingana yakitolewa na mtu yule yule katika muda wa majuma machache. Mwezi wa Machi analalamika kwamba mfereji wake hautoi hata tone. Mwezi wa Aprili analalamika kwamba barabara ya kwenda kwake imegeuka kuwa mto. Malalamiko yote mawili ni ya haki. Walakini kipo kipande cha ardhi ambacho mlalamikaji huyu hukivuka kila siku baina ya lango na mlango wake, naye asikihusishe hata kidogo na shida hizo. Hicho ni ua wake, na hasa ule ukoka unaonyweshewa kila jioni na kukatwa kila Jumamosi ili usipate kuota kama nyasi nyingine za Mungu.

Yafaa tukumbushane kwanza maji ya Nairobi yatokako. Bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994, linaweza kuhifadhi mita milioni 70 za ujazo, nalo ndilo tegemeo letu kubwa. Liko bwawa la Sasumua huko Kinangop, lililojengwa katika miaka ya 1950, na liko la Ruiru ambalo ni dogo zaidi. Zipo pia chemchemi za Kikuyu, zilizoanza kuuhudumia mji huu ungali mchanga. Mwanzoni mwa 2017, baada ya mvua za vuli kutunyima haki yetu, maji ya Ndakaini yalipungua hata mgao ukatangazwa, na tangu wakati huo ratiba ya mgao imekuwa sehemu ya maisha ya mitaa mingi. Ndipo likachimbwa handaki la kilomita 11.8 la kuchota maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka Ndakaini. Handaki hilo lilikamilika 2022, nasi tukaahidiwa lita nyingine milioni 140 kwa siku.

Msomaji atakumbuka kwamba mradi huo ulizua mjadala mkali wa kisiasa mwaka wa 2016, wengine wakidai kuwa Murang'a ingegeuka jangwa. Sitaufufua mjadala huo. Ninalotaka lieleweke ni jambo moja la jiografia ambalo shuleni tulilipita haraka. Mto Thika unaoijaza Ndakaini ni kijito cha Tana. Kama usingezuiwa, maji yake yote yangeshuka hadi Masinga, yakazungusha mitambo ya umeme, yakapita Garissa na Hola, kisha yakaingia baharini karibu na Kipini. Sisi tumeyageuza njia. Tukiisha kuyatumia twayamwaga katika Mto Nairobi, ambao ni kijito cha Athi, na Athi haionani na Tana popote; huo huwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini kaskazini mwa Malindi. Kwa hiyo tone linalonyunyizwa juu ya ukoka wa Lavington ni tone lililokopwa kutoka mto mmoja, wala halirudishwi kwa mwenyewe.

Hivyo si ajabu viongozi wa Murang'a wakadai mara kwa mara sehemu ya mapato ya maji hayo. Wakulima wa huko nao wameombwa mengi. Tangu 2015 kuna Hazina ya Maji ya Tana ya Juu na Nairobi, ambayo huwasaidia na kuwahimiza wenye mashamba madogo kuchimba matuta, kupanda mabingobingo kwenye miteremko na kuacha ukingo wa mto bila kulimwa ili udongo usiteremke na kuyajaza mabwawa. Ni kazi njema, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini tazama haki ilivyopinda hapa. Mama mwenye shamba la ekari moja huko Gatanga anaambiwa achunge kila tone linalopita shambani mwake kwa ajili ya mji. Mwenye nyumba mjini, aliye na robo ya ekari iliyojaa ukoka, haambiwi neno. Ni kana kwamba eneo la chemichemi huishia mahali ambapo lami huanzia.

Tuangalie hesabu ya ukoka wenyewe. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili; hesabu hii ni nyepesi, na yeyote aweza kuifanya. Katika jua la Januari na Februari, ukoka wa Nairobi unaotakiwa ubaki kijani huhitaji yapata milimita 4 kwa siku. Ukiwa na ukoka wa mita 300 za mraba, hizo ni lita 1,200, yaani mitungi 60 ya lita 20. Familia inayonunua mitungi 5 kwa siku ingeyatumia maji hayo kwa siku 12.

Mzee mmoja anayetunza bustani katika nyumba ya Kileleshwa aliwahi kunieleza jambo hili kwa maneno machache kuliko yangu. "Mwalimu," alisema, "mimi hapa namwaga maji kwa mpira mpaka jua lizame. Nikifika Kawangware nampa mama watoto hela za mitungi mitatu, naye hunionya nisioge kwa mingi." Hakusema hayo kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza saa za basi. Wala si siri kwamba anayenunua maji kwa mtungi hulipa, kwa kila lita, mara kadhaa ya bei anayolipa mwenye mfereji ndani ya nyumba.

Watetezi wa ukoka watasema kwamba wao hawagusi maji ya kampuni ya jiji, kwani wana kisima cha mashine. Hoja hiyo ina udhaifu wake. Visima vya Nairobi ni vingi mno, na kiwango cha maji chini ya ardhi kimekuwa kikishuka kwa miaka mingi, hata wachimbaji wanalazimika kushuka zaidi na zaidi. Isitoshe, maji ya visima vingi hapa yana floridi nyingi, ile inayoyatia meno ya watoto madoa ya kahawia. Anayenyweshea nyasi kwa maji ya chini ya ardhi hula akiba ya wote kwa bomba lake pekee.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba nyasi zenyewe si ngeni. Ile aina iliyoenea sana katika nyua zetu ni mzaliwa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, na huko Australia, Afrika Kusini na California huitwa kwa jina la Wakikuyu. Kwa asili yake hukauka jua likizidi, kisha huchipuka yenyewe mvua inaponyesha. Kilicho kigeni ni ile desturi ya kuilazimisha iwe kijani mwaka mzima. Desturi hiyo ilitoka Uingereza, nchi ambayo manyunyu hayamalizi mwezi bila kurudi. Walowezi waliileta katika vitongoji vyao vya viwanja vikubwa. Walipoondoka, nasi tulipopata vyeo, tulihamia katika nyumba zao na kurithi ukoka pamoja na mashine ya kuukata. Hata leo mtu akijenga Syokimau au Ongata Rongai, mahali pakavu kuliko Westlands, jambo la kwanza baada ya rangi ya ukuta ni kutandika nyasi za kununua.

Sipendi, hata hivyo, kuutwika ukoka dhambi zisizo zake. Yapo mabaya kuliko ukoka, nayo yanaenea kwa kasi. Nazungumzia sakafu ya saruji na mawe ya kabro. Watu wengi waliochoka kukata nyasi wameamua kuufunika ua wote kuanzia langoni hadi ukutani, eti kwa usafi na kwa ajili ya magari. Ukoka, hata ule uliokanyagwa ukashindiliwa, hunywa sehemu ya mvua. Saruji hainywi kitu, na kabro iliyopangwa juu ya changarawe iliyoshindiliwa hunywa kidogo sana. Kwa hiyo mwenye kung'oa ukoka ili aweke kabro ameikimbia mvua akaingia mtoni.

Hapa ndipo habari ya mafuriko inapoingia. Chukua paa la mita 150 za mraba, ambalo si kubwa kwa nyumba ya Karen au Runda. Jioni moja ya masika ikinyesha milimita 50, paa hilo humwaga lita 7,500. Tangi la plastiki la lita 5,000, kama lipo na lilikuwa tupu, litafurika mvua ingali inanyesha. Nyumba 1,000 za aina hiyo humwaga lita milioni 7.5 kwa jioni moja, mbali na maji ya nyua, maegesho na barabara. Maji haya hayana mahali pa kukaa. Hukimbilia mtaroni, kutoka mtaroni yakaingia mtoni, nao mto hauelekei kwa wenye mapaa hayo. Bonde la Mathare liko upande wa chini wa Muthaiga, ng'ambo ya Barabara ya Thika. Mukuru iko chini ya mitaa ambayo Mto Ngong huipitia kwanza. Maji hufuata mteremko, na katika Nairobi mteremko wa ardhi na mteremko wa mali vimekaribia kuwa kitu kimoja.

Masika ya 2024 yalituonyesha. Watu karibu 300 walipoteza maisha kote nchini, na katika mabonde ya mito ya Nairobi familia zililala juu ya mapaa na nyingine hazikuamka. Serikali iliagiza wote walio ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mito wahame, na nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru watu wakiwa bado wanakausha magodoro. Sisemi kwamba ni salama kujenga ukingoni mwa mto. Si salama, na anayewaambia maskini kinyume cha hayo hawatakii mema. Nasema tu kwamba mjadala wote wa wakati ule ulihusu aliyejenga mahali maji yanapofikia. Sikusikia kamati yoyote iliyouliza ni nani aliyeyatuma.

Basi mwenye ua afanye nini? Hahitaji kubadili kila kitu kwa siku moja, wala hahitaji fundi kutoka ng'ambo. Watu wa Machakos wamekuwa wakichimba matuta ya fanya juu kwa miaka mingi, na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo duniani kote bila kutafsiriwa. Kinachotakiwa mjini ni fanya juu ndogo. Mlizamu wa paa, au gata kama wasemavyo mafundi, uelekezwe kwanza kwenye tangi lenye kifuniko na chujio. Maji ya kufurika yasiachwe yaende langoni, bali yaingizwe katika mtaro uliochimbwa kukata mteremko. Mtaro wa urefu wa mita 10, upana wa nusu mita na kina cha nusu mita huchukua lita 2,500 kwa mara moja. Katika udongo mwekundu wa upande wa Kiambu na Westlands maji hayo huzama upesi, na mtaro ukawa tayari kwa mvua ya kesho. Kando yake, upande wa chini, ndipo pa kupanda.

Kuna tahadhari ambayo waandishi wa vitabu vya bustani vya kigeni hawawezi kuijua. Upande wa Embakasi, Lang'ata, Athi River na sehemu nyingi za Syokimau udongo ni ule mweusi wa pamba. Huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na maji hupenya ndani yake kwa shida. Anayechimba shimo la maji karibu na msingi wa nyumba katika udongo huo atapata nyufa ukutani kabla ya kupata mboga. Huko mtaro uwe wa kina kifupi, uwe mbali na nyumba, na nguvu kubwa zaidi iwekwe katika tangi na katika kuulainisha udongo kwa samadi na mboji mwaka baada ya mwaka.

Kuhusu mimea, nina mapendeleo yangu, na msomaji atanivumilia. Sielewi kwa nini tunalipa pesa kununua maua yaliyozoea mvua za mbali ilhali mshubiri na mkonge mwitu huchanua bila kuombwa. Mtandamboo hufanya ua wa miiba usiopenyeka, tena hutoa matunda ambayo watoto wa zamani waliyajua kuliko peremende. Leleshwa ina majani ya rangi ya fedha na hustahimili kiangazi kisichovumiliwa na waridi. Kama nafasi inaruhusu mti, wapo mutamaiyu na murarachi, wenyeji wa nyanda hizi; mkaratusi uachwe mbali, kwani unajulikana kwa kiu yake. Chini ya miti hiyo udongo usiachwe uchi, maana jua huunyonya na mvua huuchapa. Tandaza majani makavu na vipande vya nyasi zilizokatwa, unene wa kiganja, na utashangaa jinsi ardhi inavyobaki na unyevu siku nyingi baada ya mvua.

Kisha kuna chakula. Managu, terere, saga na kunde hazihitaji uwanja mpana wala maji ya kila jioni zikishatandaziwa. Viazi vitamu na malenge hutambaa na kuufunika udongo kama ukoka ufanyavyo, isipokuwa ukoka hauliwi. Maji ya kufulia na kuogea, yasiyo na dawa kali, yanatosha kabisa kwa migomba miwili mitatu. Bibi zetu walipanda mgomba karibu na bafu bila kuhudhuria semina yoyote. Watoto nao wabakishiwe kipande cha nyasi cha kuchezea mpira. Kipande hicho kikikauka Februari, kiachwe kikauke. Kitarudi.

Wengine huogopa nyoka, na wengine huona aibu kwamba wageni watadhani mwenye nyumba amefilisika. La nyoka hutibiwa kwa kutoweka vichaka mlangoni na kutorundika mawe na mbao. La aibu sina dawa yake.

Mnamo Novemba 13, 2023, serikali ilitupa sikukuu maalum ya kupanda miti, ikiwa sehemu ya mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Wakazi wengi wa jiji waliendesha magari hadi msituni, wakapanda miche, wakapigwa picha, kisha wakarudi katika nyua ambazo hazina hata kivuli cha kuegeshea gari. Nasema haya bila kebehi, kwa sababu nia ilikuwa njema. Hata hivyo mche wa msituni una askari wa msitu. Mche wa uani una mwenye nyumba anayeuona kila asubuhi, na ndio wenye matumaini zaidi ya kuishi.

Lakini hiari pekee haitoshi, na historia ya miji mingine yathibitisha. Cape Town ilipokaribia kuishiwa maji mwaka wa 2018, ilipiga marufuku kunyweshea bustani kwa maji ya jiji na kumwekea kila mkazi kikomo cha lita 50 kwa siku. Jimbo la Nevada huko Marekani, ambako Las Vegas huishi kwa kudra ya Mto Colorado, lilipitisha sheria mwaka wa 2021 ya kukomesha ifikapo 2027 matumizi ya maji ya mto huo kwa nyasi za mapambo zisizokanyagwa na mtu ila yule anayezikata. Kabla ya hapo mamlaka ya maji ya huko ilikuwa imekwisha kuwalipa watu kwa miaka mingi ili wang'oe ukoka wao. Miji mingi ya Ujerumani, nayo, humtoza mwenye nyumba ada ya maji ya mvua kwa kila mita ya mraba aliyoisakafia na kuielekeza kwenye mabomba ya jiji. Anayeiacha ardhi yake inywe maji hulipa kidogo.

Huo wa Ujerumani ndio mfano ninaopenda Kaunti ya Nairobi iuchunguze. Ada ya ardhi tunayolipa hapa hufuata thamani ya kiwanja, wala haiulizi kama kiwanja hicho hunywa mvua au huitema kwa majirani. Mwenye ua uliofunikwa kwa kabro yote na mwenye mitaro na miti, viwanja vyao vikiwa na thamani sawa, hulipa sawa. Punguzo dogo kwa mwenye tangi na mtaro, na nyongeza ya kweli kwa mwenye saruji, lingefanya kazi kuliko mabango elfu ya kuhimiza. Fedha zitakazopatikana zigawanywe, sehemu iende kuzibua mitaro ya mabonde na sehemu ivuke kaunti, iende kwa yule mama wa Gatanga anayechimba matuta.

Najua jibu litakalotolewa na ofisi zinazohusika: kwamba kazi ya kupima nyua za jiji zima ni kubwa, na kwamba wapimaji hawatoshi. Serikali ilipoamua mwezi wa Mei 2024 kwamba mita 30 zihesabiwe kutoka ukingoni mwa Mto Mathare, matingatinga yalipatikana katika muda wa siku chache.